Matumbawe ya Mombasa hutaga lini, na vipi ujipange kuyaona

Video nyingi za matumbawe yakitaga zilizoko mtandaoni zimepigwa Australia. Kule kwenye Great Barrier Reef aina nyingi hutaga kwa pamoja katika siku chache baada ya mbalamwezi pevu ya Oktoba, Novemba au Desemba, na wenye boti huuza nafasi mapema. Mtu wa huku akiiona video anahesabu mwezi huohuo, anakodi boti Novemba, anazama Nyali au Bamburi, anarudi ameloa na hakuona kitu. Halafu anasema matumbawe ya Mombasa hayatagi. Yanataga sana, ila hayafuati kalenda ya Australia.

Sisi tuko karibu na ikweta. Maji yetu hupoa wakati wa kusi hadi kama nyuzi 25 mwezi wa Agosti, kisha hupanda kaskazi inapokolea, na Machi na Aprili hufika 29 au kuzidi. Tofauti ya baridi na joto ni ndogo, kwa hiyo matumbawe yetu hayabanwi kwenye wiki moja ya mwaka. Watafiti walioyafuatilia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa waliona kutaga kumetapakaa kwenye miezi kadhaa, na matumbawe ya matawi ya jamii ya Acropora zaidi yakitaga kati ya Januari na Aprili. Hata aina moja haimalizi kwa mwezi mmoja: kichaka hiki kinataga Februari, pacha wake aliye mita tatu pembeni anangoja Machi.

Kwa mzamiaji hii ina mawili. Kwanza, usitarajie theluji ya waridi iliyofunika bahari. Usiku mzuri wa Mombasa ni vichaka vitatu, vinne, labda kumi, vinavyotaga huku jirani zao wametulia. Pili, nafasi yako ya kuona si usiku mmoja tu. Ukikosa mwezi huu kuna mwezi ujao. Kwa maoni yangu huo ni msimu mzuri kuliko wa kwao, maana anayekaa Mombasa anaweza kujaribu tena bila kununua tiketi ya ndege.

Kinachotokea hasa

Tumbawe ni mkusanyiko wa vinyama vidogo, polipu, kila kimoja na mdomo wake. Katika Acropora na mengi ya yale mawe ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo, kila polipu ina jike na dume ndani yake. Hufunga mayai na mbegu za kiume kwenye kidonge kimoja chenye ukubwa wa kichwa cha pini au kuzidi kidogo, cha rangi ya waridi, machungwa au krimu. Mayai yamejaa mafuta, kwa hiyo kidonge kikiachiliwa huelea. Juu ya maji hupasuka ndani ya nusu saa hivi, mbegu zikatafuta mayai ya kichaka kingine cha aina hiyohiyo, kwa sababu kujirutubisha wenyewe kwa kawaida hakufanikiwi.

Hiyo ndiyo sababu kutaga kwa wakati mmoja ni jambo la kufa na kupona kwao. Mwamba ukiwa na vichaka vichache, kila kimoja kikitaga usiku wake, vidonge vinapotea. Baada ya joto la El Niño la 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalikufa, na umbali kati ya kichaka na kichaka ukaongezeka. Ukielea juu ya vidonge vichache vinavyobebwa na maji, kumbuka kwamba vinatafuta mwenzi aliye mbali kuliko alivyokuwa.

Si yote yanafanya hivyo. Majabali makubwa ya Porites yana jinsia mbalimbali: jabali hili dume, lile jike, na dume likimwaga linaonekana kama linafuka moshi. Yale ya umbo la uyoga yanayokaa huru mchangani nayo yamegawanyika dume na jike. Galaxea, lile jiwe lenye vidole vyenye makali ya nyota, lina kichekesho chake: kuna mawe yanayotoa mayai mekundu, na kuna mengine yanayotoa mbegu za kiume pamoja na mayai meupe yasiyozaa, ambayo kazi yake ni kuinua mbegu tu. Na kuna yanayolea watoto ndani na kuwaachia wakiwa tayari wanaogelea. Hayo hutayaona kwa urahisi.

Mwezi, na siku za mwezi

Chagua Februari au Machi. Januari inawezekana, lakini kaskazi ikiwa kali maji huwa na mchafuko na kukaa juu ya boti usiku ni adhabu. Machi upepo hulegea, maji yana joto, na masika hayajaanza kumwaga. Aprili ni kamari: mvua kubwa ikinyesha, maji ya tope hutoka vijito vya Mtwapa na Tudor, uoni unashuka, na maji matamu yanatanda juu ya bahari palepale vidonge vinapoelea. Mayai hayavumilii maji matamu.

Ndani ya mwezi, hesabu kutoka mbalamwezi pevu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana urahisi wake: mwezi ukiwa kumi na nne au kumi na tano umejaa, basi lenga usiku wa kumi na saba hadi wa ishirini na moja. Usichukue usiku mmoja. Chukua minne mfululizo, au kama mfuko hauruhusu, miwili ya katikati. Na kwa kuwa matumbawe yetu si watiifu kwa mwezi kama ya Australia, ukipita usiku huo bila kitu usikate tamaa kuhusu mwamba wote.

Kwa nini baada ya mbalamwezi na si usiku wenyewe? Katika baadhi ya matumbawe imeonekana kwamba ishara ni giza la kati ya jua kutua na mwezi kuchomoza. Usiku wa mbalamwezi pevu, mwezi unachomoza Mombasa karibu na Magharibi, kwa hiyo giza halipo. Kila siku inayofuata mwezi huchelewa dakika 45 hadi 50. Usiku wa nne, jua limezama saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mwezi unachomoza saa tatu na nusu kupita. Hapo katikati kuna saa tatu za giza tupu, na ndani ya saa hizo ndimo Acropora nyingi hutaga, kwa kawaida kati ya saa moja na nusu na saa nne usiku.

Mwangaza wa hoteli za ufukweni unaingilia hesabu hiyo. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba matumbawe yanayopigwa na taa za usiku huelekea kutaga siku moja hadi tatu karibu zaidi na mbalamwezi pevu. Ukizama mbele ya ufuo wenye taa nyingi, anza kuangalia siku moja au mbili mapema kuliko hesabu yako.

Maji

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, na hata wenyeji waliozoea kuzamia mchana tu. Chukua jedwali la maji la bandari ya Kilindini kabla ya kuongea na nahodha.

Mombasa, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ukisogea siku nne baada ya mwezi kujaa, kujaa kumesogea hadi kama saa kumi na mbili na nusu au saa moja jioni, na kupwa hadi saa sita na nusu au saba usiku. Maana yake, wakati wote unaosubiri kutaga, maji yanatoka.

Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Gawanya tofauti ya kujaa na kupwa kwa kumi na mbili. Saa ya kwanza hutoka sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme kujaa ni mita 3.2 saa kumi na mbili na nusu, kupwa ni 0.8. Tofauti ni mita 2.4. Hadi saa mbili na nusu yameshuka sentimita 60 tu. Kutoka hapo hadi saa nne na nusu yanashuka mita 1.2 nyingine. Kichaka kilichokuwa na mita 4 juu yake ulipotia mguu majini sasa kina mita 2.2, na mkondo wenye nguvu kuliko yote umeangukia palepale unapotaka kutulia na kutazama.

Ndani ya mwamba, maji hayo yanakimbilia kwenye mlango, yaani ule mpenyo ambao boti hupita kwenda bahari kuu. Usizame karibu na mlango maji yakitoka. Chagua pahali palipo mbali nao, kwenye kidimbwi chenye mita 3 hadi 6 maji yakijaa, na nahodha akuelekeze mkondo unapoelekea kabla hujaruka. Anza upande ambao mkondo unatokea ili ukichoka usombwe kuelekea boti. Kinyume chake ndicho kinachowaletea watu shida: wanaruka palipo karibu na boti, wanapiga mbizi kwa raha dakika arobaini, halafu wanageuka na kukuta wanaogelea dhidi ya mto.

Boti nayo ina hesabu yake. Muulize nahodha mwisho wa kuvuka mwamba ni saa ngapi. Boti yenye injini iliyozama sentimita 70 haitapita mahali penye maji ya magoti. Kama jibu lake ni saa tano, muda wako wa kuwa juu ni saa nne na nusu, hata kama jiwe zuri kuliko yote ndiyo kwanza linaanza.

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kwenye msimu huu hasa. Mabaharia wengi wanafunga. Usimwambie nahodha mwondoke saa kumi na mbili na robo halafu umwache afungulie maji ya chupa huku akishika usukani. Ondokeni mapema, mtie nanga, tende na maji viwe tayari, Magharibi iadhiniwe mkiwa mmetulia, kaimati na chai vifuate. Uzame saa moja na dakika ishirini. Huchelewi kitu.

Ruhusa

Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986. Sehemu iliyofungwa kabisa kwa uvuvi ni kilomita za mraba 10 na imezungukwa na hifadhi kubwa zaidi ambamo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, na zote ziko chini ya Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya. Tiketi ya kuingia mchana haimaanishi una ruhusa ya kukaa usiku. Mweleze mwenye boti mapema ili azungumze na askari wa hifadhi; boti inayozima taa ndani ya hifadhi saa mbili usiku inafanana na boti ya mtu anayeiba samaki.

Wataalamu hutabiri kutaga kwa kuvunja kijitawi, chini kidogo ya ncha, na kuangalia mayai kwa macho. Meupe, bado hayajaiva. Ya waridi au machungwa, yatatoka karibuni, mara nyingi mwezi huohuo. Hakuna kitu, yameshatoka au mwaka huu hayapo. Njia hiyo ni ya mwenye kibali cha utafiti tu. Kukata tumbawe hifadhini ni kosa la jinai, na "nilikuwa naangalia mayai" si utetezi. Ukimfahamu mtafiti muulize ameona nini. Ndiyo habari ya thamani kuliko kalenda yoyote.

Vifaa

Kina ni kidogo, kwa hiyo hewa inadumu. Mtungi wa lita 12 wenye hewa ya baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400. Ukibakiza baa 50, zinabaki 1,800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 30 akiwa mita 5, kwa sababu shinikizo hapo ni mara moja na nusu. Hiyo ni saa moja kamili. Aliyetulia atafika saa moja na nusu. Lakini muda wa kusubiri ni kama saa mbili na nusu, hivyo beba mitungi miwili kila mtu: wa kwanza wa kutafuta, wa pili wa kutazama.

Suti ya mpira ya milimita 3 inatosha kwa maji ya nyuzi 28 na 29, ila usidanganyike na joto ukaingia na fulana. Mtu asiyesogea kwa saa moja anaanza kutetemeka hata Mombasa, na mwenye kutetemeka hawezi kuelea sawasawa. Ongeza kilo moja ya risasi kwenye mkanda kuliko unavyovaa kwenye mwamba wa nje. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unakuwa mwepesi, na kwenye mita 3 huna kina cha kukusaidia kubaki chini. Asiye na uzito wa kutosha hushika tumbawe ili asielee, na huo ndio mwanzo wa kuvunja kile alichokuja kuona.

Kila mtu awe na tochi mbili, kijitaa cha kufunga shingoni mwa mtungi, filimbi, dira na boya la kupuliza. Funga taa moja isiyozimika kwenye kamba ya nanga, nusu mita chini ya maji, rangi tofauti na za wazamiaji. Kibao cha kuandikia na penseli. Mafuta ya kujikinga na jua acha nyumbani. Jua limezama na mafuta hayo yataelea na mayai.

Suala la tochi lina uzito. Mwanga mweupe mkali una matatizo mawili. Matumbawe huhisi zaidi mwanga wa bluu, ambao tochi nyeupe imejaa nao, na hutaki kuyavuruga katika ile saa yanayosikiliza giza. La pili utalijua ndani ya dakika tatu: minyoo midogo ya bahari na vijidudu huvutwa na mwanga, hujaa mbele ya miwani kama kumbikumbi wa masika kwenye taa ya kibaraza, huingia sikioni na ndani ya kofia, na utaona afadhali kuzima. Weka kichujio chekundu juu ya tochi kuu. Karatasi nyekundu ya plastiki ya duka la vifaa vya shule, matabaka mawili, na raba ya kufungia, inatosha. Tochi nyeupe ibaki mfukoni kwa dharura na kwa kuangalia kipimo cha hewa. Minyoo ikikuvamia, ielekeze tochi pembeni, mbali na mwenzako na mbali na jiwe, hesabu hadi thelathini, kisha zima. Itafuata mwanga.

Chini ya maji

Zama mchana wa siku hiyo mahali palepale. Hili halina mjadala. Chagua vichaka kumi na tano hadi ishirini unavyoweza kuvikuta gizani, chora njia kwenye kibao, kumbuka jabali kubwa au bonde la mchanga kama alama. Chagua aina mbalimbali: matawi mafupi, meza bapa, mawe ya ubongo, Galaxea moja mbili. Usiku unafuata njia hiyohiyo, mzunguko wa dakika kumi na tano, unarudia.

Unachotafuta kabla ya kutaga ni kujipanga. Polipu ambazo usiku wa kawaida zimenyoosha mikono yake kula hujivuta ndani. Karibu na mdomo wa kila moja panatuna. Ukisogeza taa nyekundu kwa ubavu, si kwa kupiga moja kwa moja, unaona kitone kimeziba mdomo, kila mdomo, safu kwa safu, kichaka chote kimeota vipele. Chini ya taa nyekundu rangi haionekani. Ni duara jeupejeupe tu. Washa nyeupe nukta moja kama lazima uhakikishe.

Kuanzia hapo, Acropora inaweza kukaa hivyo nusu saa, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Usiondoke. Nyoosha kidole kwa mwenzako, mtulie mita moja na nusu upande wa chini wa mkondo ili mchanga wa mapezi yako usiangukie jiwe, magoti juu, tumbo bila kugusa. Kisha kinaanza sehemu moja, mara nyingi kwenye tawi moja tu, vidonge vinasukumwa polepole hadi nusu viko nje, vinabaki vimekwama kama shanga kwenye uzi, na ghafla kimoja kinaachia. Vingine vinafuata. Kichaka kimoja kinaweza kumaliza ndani ya dakika chache, na baada yake kikaonekana kama hakikufanya lolote.

Dalili za pembeni zinasaidia. Vinyama vyenye mikono mitano myembamba, vya jamii ya nyota wa bahari, vinavyojificha mchana chini ya matawi, hupanda juu ya kichaka. Samaki ambao saa hiyo wangelala wanazurura. Kaa wadogo wanakaa kwenye ncha za matawi. Wote wanajua kuna mlo.

Kosa la kawaida ni kushangilia uchafu. Kamasi ya tumbawe, kinyesi cha samaki na mchanga uliopigwa na pezi vyote vinang'aa kwenye tochi. Kanuni ni rahisi: kinachopanda wima na ni duara ni kidonge, kinachoshuka au kuyumba si chenyewe. Moshi mweupe kutoka kwenye jabali la Porites ni mbegu, ilimradi unatoka kwenye uso wa jabali wenyewe na si kwa samaki aliyejificha nyuma.

Hatari za usiku hapo ndani ni chache lakini zinajulikana. Vinyama vya duara vyenye miiba mirefu myeusi hutoka mafichoni gizani na kutembea kwenye mchanga uliokuwa wazi mchana. Samaki-jiwe hasogei, kwa hiyo usipige goti popote. Akimchoma mtu, loweka kidonda kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, asiyechomwa ayapime kwanza kwa mkono wake, kwa dakika 30 hadi 90, huku boti ikielekea hospitali. Chupa kubwa ya chai yenye maji ya moto botini si anasa. Yavuyavu huvutwa na taa ya boti. Izime kabla watu hawajapanda ngazi. Na kina kidogo kisikupe uvivu: kubana pumzi huku ukipanda kutoka mita 4 kunatosha kuumiza mapafu.

Wenye kamera, lenzi ya karibu, taa ya kulengea yenye kichujio chekundu, na mwako mmoja mmoja. Video ndefu yenye taa mbili kubwa huleta minyoo na kumharibia kila aliye karibu. Wekeni zamu: mpiga picha mmoja kwa kichaka kimoja.

Ukipanda juu

Usiwashe injini mara moja. Vidonge viko juu, mkononi mwako, na propela na tone la petroli ni adui yao. Acha mkondo uvipitishe boti, dakika tano kumi, kisha ondoka pole. Ukipenda, chota maji kwa glasi safi, yatazame kwa tochi na uyamwage palepale ndani ya dakika moja: utaona vidonge vikianza kulegea na mayai, kila moja kama nusu milimita, yakisambaa. Harufu ni ya samaki mbichi yenye mafuta. Yaliyorutubishwa yatakuwa mabuu yanayoogelea kesho kutwa, na baada ya siku nne hadi saba hivi yale machache yaliyosalia yatatafuta mahali pagumu penye mwani mgumu wa waridi pa kujibandika maisha.

Asubuhi ukipita ufukweni na kuona utando wa waridi au kahawia juu ya maji, usikimbilie kutangaza. Msimu huohuo wa kaskazi bahari hupata mchipuko wa vijidudu vinavyofanana na vumbi la mbao lililomwagwa majini, na mara nyingi ndivyo watu wanavyopiga picha. Chota kwenye glasi na uangalie kwa jua. Nyuzi nyuzi fupi kama vumbi la msumeno si matumbawe. Duara zinazong'aa, hizo ndizo.

Andika usiku huohuo kabla hujalala: tarehe, mwezi una siku ngapi, saa ya kujipanga, saa ya kidonge cha kwanza na cha mwisho, kina, joto la maji, aina kwa picha ya mchana, na vichaka vingapi kati ya vile ishirini vilitaga. Andika pia usiku ambao hakuna kilichotokea, pamoja na vichaka ulivyoviangalia na saa ulizoviangalia. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya iko hapahapa Mombasa, na daftari lenye "hakuna" kumi na moja na "ndiyo" moja lina kazi kwao kuliko picha moja nzuri isiyo na saa.